Mbwa kamng'ata simbilisi wetu, jeraha ni dogo lakini hataki kula

Swali: Daktari, shikamoo. Jana jioni watoto walisahau kufunga mlango wa kizimba. Mbwa wetu, bado kijana, akamkamata simbilisi wetu jike wa miaka miwili na kumtikisa kabla sijawahi kumnyang'anya. Ana matundu mawili madogo karibu na bega na mkwaruzo kwenye paja. Damu ilitoka kidogo ikakata yenyewe. Tangu hapo amejikunyata kwenye kona, hajagusa chakula, na usiku kucha sikumsikia akilia. Nyumbani tuna amoksilini ya maji iliyobaki alipougua mtoto, na spiriti. Jirani anasema nimpe matone machache ya hiyo dawa na nimsafishe kwa spiriti. Daktari wa wanyama amenipa nafasi leo alasiri. Je, nimpe dawa nikisubiri? Nimlishe kwa nguvu? Nimtenge na mwenzake? Na mbwa je, tumfundishe kumzoea?

Jibu: Marahaba, dada. Pole sana, na poleni na watoto pia, maana najua nyumba inavyokuwa baada ya tukio kama hilo.

Nianze na lililo la haraka kuliko yote: hiyo amoksilini usimpe, hata tone moja. Jirani yako ana nia njema, lakini dawa inayomponya mtoto yaweza kumuua simbilisi bila jeraha lenyewe kuhusika. Simbilisi anaishi kwa kazi ya bakteria walio kwenye utumbo wake mpana. Hao ndio wanaochachusha nyasi na kumpa nguvu. Amoksilini, ampisilini, penisilini, klindamisini, linkomisini na eritromisini huwaua wale wema na kuwaacha wabaya wa jamii ya Clostridium wajitawale. Wakishazaliana hutoa sumu, mnyama huanza kuhara, halijoto yake hushuka, na ndani ya siku chache anakufa. Kwa hiyo hata ukifika kwa daktari ambaye kazi yake ya kila siku ni ng'ombe au mbwa, muulize waziwazi: dawa hii ni salama kwa simbilisi? Zinazotumika kwao mara nyingi ni enrofloksasini au trimethoprimu pamoja na sulfa, kwa kipimo kinachopigwa kwa uzito wa mwili. Swali hilo halimvunjii heshima daktari yeyote anayeijua kazi yake.

Spiriti nayo iache. Inaunguza nyama mbichi, inauma, na inampoza mnyama ambaye tayari anapoteza joto. Haidrojeni peroksaidi vivyo hivyo. Krimu za vidonda zilizo mezani usimpake, kwa sababu atazilamba, na baadhi yake zina antibayotiki zinazomvuruga tumbo kwa njia ile ile.

Jambo la pili: mpigie tena huyo daktari sasa hivi. Mwambie maneno haya matatu: aling'atwa na kutikiswa na mbwa, ana matundu ya meno, na hajala tangu jana jioni. Ukisema tu "ana jeraha dogo" utawekwa kwenye foleni ya kawaida. Ukisema hayo matatu, daktari mwenye uzoefu atakwambia uje mapema. Na kama wakati wowote utaona anapumua kwa mdomo wazi, ufizi au midomo imepauka au kuwa ya bluu, amelala ubavu, anaburuta miguu ya nyuma, au tumbo limevimba na kukaza, usingoje saa uliyopangiwa. Simbilisi kwa kawaida hupumua kwa pua tu. Akifungua mdomo kutafuta hewa, amefika pabaya.

Sasa nieleze kwa nini nina wasiwasi kuliko ukubwa wa hayo matundu. Jino la mbwa linapoingia, ngozi ya simbilisi, ambayo ni legevu, husogea pamoja nalo, kisha hurudi mahali pake jino linapotoka. Wewe unaona tundu dogo. Chini yake, ile kutikisa imetenganisha ngozi na misuli, ikaacha uwazi wenye damu, nywele na mate ya mbwa. Juu panafunga haraka, ndani uchafu umefungiwa. Zaidi ya hapo, taya la mbwa linabana: mbavu zaweza kuvunjika, mapafu yakachubuka, ini likavuja damu, na nje pasionekane kitu. Angekuwa paka ndiye aliyemng'ata, ningekwambia vivyo hivyo kuhusu matundu, na ningekuharakisha zaidi kuhusu antibayotiki, kwani jino la paka ni jembamba na refu, na mate yake mara nyingi hubeba bakteria aitwaye Pasteurella, anayeweza kuingia kwenye damu haraka.

Huo ukimya wa usiku nao ni dalili. Simbilisi ni mnyama anayewindwa, na anayewindwa akionyesha maumivu hufuatwa yeye kwanza. Ndiyo maana anaficha. Wengi wanaonijia husema "alionekana ametulia". Anayekaa mgongo umekunjwa, nywele zimesimama, macho nusu wazi, asiyepiga ile miluzi yake akisikia mlango wa jikoni ukifunguliwa, hajatulia, anaumwa. Ukisogeza sikio karibu pengine utasikia anasaga meno. Hayo ni maumivu makali.

Kwa saa hizi ulizonazo kabla ya daktari, joto ndilo la kwanza. Mshike masikio na nyayo. Kama ni za baridi, mwili umevuta damu ndani, na huo ndio mshtuko. Halijoto ya kawaida ya simbilisi ni kati ya nyuzi 37.2 na 39.5 za Selsiasi. Usijaribu kumpima kwa kipimajoto cha njia ya haja kama hujawahi kufanya hivyo, masikio yatakutosha. Chukua boksi lenye kingo za juu, tandika taulo safi, kisha weka chupa ya maji ya vuguvugu iliyozungushiwa kitambaa upande mmoja tu wa boksi. Upande mmoja, kwa sababu simbilisi hawezi kuhimili joto kali: chumba kikipita nyuzi 28 anaanza kutaabika, naye lazima apate pa kusogea akiona limezidi. Boksi liwe mahali penye kiza kidogo na kimya, mbali na mbwa kiasi kwamba hata harufu na mlio wake visimfikie. Watoto wampe nafasi, hata kama moyo unawasukuma kumbeba na kumbembeleza. Kwake yeye kubebwa leo ni kukamatwa tena.

Ukilazimika kumwinua, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, na mwili wote ubaki umenyooka. Kama miguu ya nyuma inalegea, mtelezeshe juu ya ubao au kitabu kikubwa kilichofunikwa taulo, umsafirishe hivyo hivyo. Mguu ukiwa umepinda usiufunge kijiti. Bandeji ya nyumbani kwa mnyama huyu hulegea au hukaza mno, na anapopambana nayo mfupa huzidi kuharibika.

Kidonda chenyewe kinataka kazi ndogo tu kwa leo. Chemsha lita moja ya maji na gramu 9 za chumvi, uache yapoe hadi vuguvugu. Vuta maji hayo kwa bomba la sindano, bila sindano yake, na uyamwage taratibu juu ya tundu na juu ya mkwaruzo, ukifuta kwa shashi safi isiyoacha nyuzi. Usiingize kitu ndani ya tundu. Ukishalowesha manyoya, yagawe kwa vidole na ukague ngozi polepole kuanzia shingo hadi mapaja, chini ya makwapa na tumboni, kwani mbwa ana meno ya juu na ya chini, na matundu mawili ya juu mara nyingi yana wenzao upande wa pili. Tafuta michubuko ya zambarau na sehemu ambapo ngozi inatoa mlio wa kukwaruza ukiigusa kama vile pana viputo. Hiyo ni hewa chini ya ngozi, na daktari lazima aijue. Mkaushe vizuri. Kama damu inarudi, bonyeza kwa shashi dakika tano bila kuchungulia.

Hesabu na pumzi zake akiwa ametulia: mara 40 hadi 100 kwa dakika ni kawaida. Andika namba, uende nayo.

Naja kwenye tumbo, na hapa ndipo ninapoomba unisikilize sana. Simbilisi wengi walioumia ambao tunawapoteza siku ya pili au ya tatu huondoka kwa sababu utumbo ulisimama, jeraha likiwa linaelekea kupona. Utumbo wao umeumbwa kusukumwa na chakula kinachoingia mchana na usiku. Maumivu humfanya asile. Asipokula utumbo hupunguza mwendo. Gesi hujaa, nayo humuumiza zaidi, basi hali tena. Ini nalo huanza kuzidiwa na mafuta ambayo mwili unayayeyusha kutafuta nguvu. Kwa mbwa au paka, siku moja bila kula si kitu cha kutisha. Kwa simbilisi, saa 12 hadi 24 ni dharura, na wako tayari ameshalala njaa.

Kwa hiyo swali lako la kumlisha jibu lake ni ndiyo, ila kwa masharti. Kwanza awe amepata joto, maana utumbo wa mnyama aliyepoa haufanyi kazi. Pili awe macho na anameza. Tatu tumbo liwe laini. Likiwa limekaza kama ngoma, usimpe chochote hadi daktari alione. Hayo yakiwa sawa, weka mbele yake kwanza nyasi kavu nzuri na jani analolipenda kuliko yote. Simbilisi mwenye nafuu kidogo mara nyingi huanza na hilo jani. Akikataa, saga punje za chakula chake cha kila siku, ziloweke kwenye maji ya vuguvugu hadi ziwe uji unaopita kwenye bomba la mililita 1. Unga maalumu wa kulishia wanyama wala majani waliougua, kama daktari anao, ni bora zaidi.

Mkalishe wima juu ya taulo mapajani, umzungushie taulo bila kumbana kifua. Nyuma ya meno ya mbele kuna pengo kabla ya magego. Pitisha ncha ya bomba pembeni ya mdomo, kwenye pengo hilo, utoe nusu mililita tu, usubiri. Utaona taya linazunguka, kisha koo linashuka. Hapo ndipo utoe nyingine. Ukimimina mfululizo au kumlaza chali, uji utaingia mapafuni. Kwa siku nzima lengo ni mililita 50 hadi 80 za uji kwa kila kilo ya uzito, zikigawanywa mara tano au sita, usiku ukiwemo. Kwa mwenye gramu 900 ni kama mililita 45 hadi 70. Mara ya kwanza akikubali mililita 3, shukuru, urudi baada ya saa mbili. Katikati mpe matone ya maji kwa njia hiyo hiyo.

Vitamini C usiisahau. Simbilisi, kama sisi binadamu, hana uwezo wa kuitengeneza mwilini, na bila hiyo kidonda hakifungi kwa sababu mwili unaihitaji kujenga nyuzi za ngozi. Akiwa mzima anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kilo kwa siku. Akiumia huweza kupandishwa hadi 50. Kipande cha pilipili hoho nyekundu cha gramu 25 hivi kina takriban miligramu 30. Ukitumia kidonge, kiwe cha vitamini C peke yake, kisagwe kwenye uji. Kuitia kwenye chupa ya maji ni kuipoteza, inaharibika upesi, na wengine huacha kunywa maji kwa sababu ya ladha.

Kwa daktari, tarajia amnyoe manyoya kuzunguka matundu, ayasafishe kwa ndani, na pengine ayaache wazi bila kushona, ili uchafu upate njia ya kutoka. Usishangae kwa hilo. Picha ya eksirei iombe ikiwa pumzi zake ni za kasi au mwendo si wa kawaida. Muhimu sana, usiondoke bila dawa ya maumivu. Meloksikamu hutumika sana kwao, na palipo na maumivu makali daktari huongeza ya nguvu zaidi kama buprenofini. Nimeona mara nyingi simbilisi aliyekataa kila kitu akinyoosha shingo kutafuta nyasi muda si mrefu baada ya dawa kuanza kufanya kazi. Za binadamu, paracetamoli, ibuprofeni au aspirini, usimpe kwa kukisia. Mweleze pia daktari kama mbwa wako amechanjwa kichaa cha mbwa, na kama simbilisi huyo ana mimba au alikuwa na dume. Kubanwa tumbo kunaweza kuharibu mimba.

Nikwambie na hili kwa upole. Ikiwa uti wa mgongo umevunjika, hawezi kukojoa mwenyewe, au kifua kimejaa damu, daktari anaweza kukushauri mnyama alazwe usingizi wa mwisho, yaani afe kwa dawa asiteseke. Muulize: ana nafasi gani ya kuishi bila maumivu? Ukilikubali hilo utakuwa umemhudumia hadi mwisho. Lakini kwa ulivyomweleza, hana damu inayotiririka, na amevuka usiku. Naona pana matumaini ya kweli.

Akirudi nyumbani, ondoa vumbi la mbao na makapi, utandike taulo unazobadilisha kila siku, maana mabaki hunasa kwenye kidonda. Nzi ni hatari kubwa: mayai yao kwenye kidonda au manyoya yenye mkojo yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja, na funza huanza kula nyama. Mkague asubuhi na jioni, weka wavu. Kola ya shingoni ya kuzuia kulamba siipendi kwa simbilisi, kwa kuwa wao hula kinyesi chao laini moja kwa moja kutoka mwilini, na hicho kina lishe wanayoitegemea.

Mpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni, uandike. Hiyo karatasi itakwambia ukweli kabla ya macho. Akishuka asilimia 10, yaani wa gramu 900 akifika 810, rudi kwa daktari hata kama anaonekana mchangamfu. Hesabu kinyesi pia kwa kukitazama: punje nyingi, ndefu na nyevunyevu kidogo ni habari njema, chache, ndogo na kavu maana yake ongeza uji, za majimaji, simamisha antibayotiki hadi umempigia daktari siku hiyo hiyo. Mkojo usipouona kwa saa 12, mpigie daktari vivyo hivyo.

Siku ya tatu hadi ya saba gusa taratibu kuzunguka matundu. Uvimbe mgumu wenye joto ni jipu. Usaha wa simbilisi ni mzito, haukamuliki, na ukiubana utaupasulia ndani. Daktari atalifungua na kulisafisha. Dawa imalizwe kwa siku zote zilizoandikwa, hata ngozi ikishafunga.

Mwenzake usimpeleke mbali naye. Simbilisi ni wa kundi. Uswisi sheria tangu 2008 inataka wafugwe wakiwa na wenzao, na mimi naona walifanya vema. Aliyeumia akisikia sauti ya mwenzake hula zaidi. Waweke kila mmoja upande wake wa wavu, waonane na kunusana. Ukiona mwenzake ni mpole, halambi kidonda wala hamsukumi kwenye chakula, wanaweza kukaa pamoja hata kabla ya kupona. Akiwa mbabe, wavu ubaki hadi ngozi ifunge, kwa kawaida ndani ya wiki mbili kama hakuna jipu.

Na mbwa: hapana, usimfundishe kumzoea. Hakufanya ubaya kwa akili yake, kwa hiyo kumpiga hakutamfunza kitu; kitu kidogo kinachokimbia na kulia kimemwamsha silika ya kuwinda, na sasa ameshaonja. Simbilisi naye akimwona tu ataacha kula. Kuna jambo lingine ambalo wengi hawaambiwi: mbwa anaweza kubeba puani bakteria aitwaye Bordetella bronchiseptica bila kuugua, na huyo huyo akamletea simbilisi nimonia ya kuua, hasa aliyedhoofika. Waishi vyumba tofauti, mlango ukifungwa, na kizimba kiwe na komeo ambalo mkono wa mtoto hauwezi kulisahau nusu wazi. Nawe unawe mikono ukitoka kwa mbwa kabla ya kumshika mgonjwa.